Mita tatu za fraktali: Picha isiyokwisha yafika River Road

Panda ngazi za jumba kuukuu la River Road, katikati mwa jiji la Nairobi, na harufu ya wino itakulaki kabla hujafika orofa ya kwanza. Ndani kuna mashine pana kuliko kitanda cha watu wawili. Kichwa chake kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, na kila kikirudi kinaacha ukanda mwembamba wa rangi juu ya kitambaa cha fleksi. Kwa siku moja mashine kama hii hutema uso wa mhubiri wa krusedi, picha ya marehemu atakayezikwa Jumamosi, bei za nyama choma na tabasamu la mwanasiasa.

Swali la kaunta ni lile lile kwa kila mteja: "Bosi, saizi gani?"

Aliyeleta picha ya harusi ana jibu. Aliyeleta nembo ya kampuni ana jibu. Anayekwama ni yule aliyeleta fraktali, kwa sababu picha yake haina saizi. Haikupigwa na kamera wala kuchorwa kwa brashi. Imetokana na hesabu, na hesabu hiyo inaweza kujaza stempu ya posta au ukuta mzima wa ghorofa bila kuishiwa na mambo madogo ya kuonyesha. Ukiikuza, ndani yake mna umbo jingine. Ukilikuza hilo nalo, mna jingine tena, sawa na tawi la mwembe linalofanana na mwembe wenyewe.

Kwenye simu, fraktali humeremeta. Ikichapishwa kwa upana wa mita tatu, mara nyingi huaibisha. Kosa ni la nani: mashine, mchapishaji, au aliyeleta faili?

Sifuri, moja, mbili, tano

Fraktali mashuhuri kuliko zote huitwa seti ya Mandelbrot, na kanuni yake inaweza kuandikwa nyuma ya tikiti ya matatu. Anza na sifuri. Izidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe namba yoyote uliyoichagua. Jibu utakalopata lizidishe kwa lenyewe, ujumlishe namba ile ile tena. Endelea hivyo hivyo.

Ukichagua 1, utapata 0, 1, 2, 5, 26, 677, na hatua inayofuata ni 458,330. Namba imetoroka. Ukichagua hasi 1, utapata 0, hasi 1, 0, hasi 1, na itazunguka papo hapo hadi Kiyama. Hiyo imebaki nyumbani.

Sasa badala ya namba ya kawaida, chukua namba yenye sehemu mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, ili kila namba iwe doa moja kwenye karatasi. Madoa yasiyotoroka hupakwa rangi nyeusi. Yanayotoroka hupewa rangi kulingana na hatua yaliyochukua kabla ya kuvuka umbali wa 2 kutoka sifuri, kwani likishavuka hapo doa halirudi. Kinachotokea ni umbo kama mdudu mnene mweusi, mwenye vimelea mwilini, na kila kimelea kina vyake. Pembezoni ndiko kwenye uhondo: mikia ya farasi-bahari, radi, na vidudu vidogo vinavyofanana na mama yao.

Kazi yote ya tarakilishi ni kuuliza swali moja kwa kila doa: wewe unatoroka au unabaki? Ni swali jepesi. Tatizo ni kwamba linaulizwa mara nyingi mno.

Uchafu ambao haukuwa uchafu

Benoit Mandelbrot alizaliwa Warsaw mwaka 1924, akakulia Ufaransa na kuajiriwa na kampuni ya IBM nchini Marekani mwaka 1958. Jina fraktali alilibuni mwaka 1975 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika. Msingi wa hesabu hizo ulikuwa umewekwa na Wafaransa wawili, Gaston Julia na Pierre Fatou, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini wao hawakuwa na mashine ya kuwaonyesha walichokuwa wakikizungumzia.

Mwaka 1978 Robert Brooks na Peter Matelski walichora umbo hilo kwa vinyota vya kawaida vya herufi. Lilikuwa doa la vinyota, basi. Miaka miwili baadaye Mandelbrot alilitazama kwa mashine bora zaidi za IBM, na pembezoni akaona vitone ambavyo mtu angeweza kudhani ni uchafu wa mashine ya kuchapisha. Hapo ndipo ubora wa chapa ulipogeuka kuwa suala la hesabu yenyewe. Vitone hivyo vilikuwa vidudu vidogo, na kwa jinsi vilivyoonekana, vilielea peke yake. Mandelbrot alidhani seti imekatika vipande vipande. Adrien Douady na John Hubbard ndio waliothibitisha kwamba yote ni kitu kimoja: vidudu vimeunganishwa na nyuzi nyembamba ambazo mashine za wakati ule hazikuweza kuzichora.

Agosti 1985 jarida la Scientific American liliiweka fraktali hiyo kwenye jalada lake, na watu wenye tarakilishi ndogo nyumbani wakaanza kuichora wenyewe. Kundi la wanasayansi wa Bremen, Ujerumani, likiongozwa na Heinz-Otto Peitgen na Peter Richter, lilichapisha picha kubwa za rangi ambazo Goethe-Institut ilizizungusha nchi nyingi kama maonyesho ya sanaa. Tangu hapo ubishi haujatulia: je, picha iliyotokana na fomula ni sanaa?

Nairobi, ubishi huo una jibu la kisheria angalau. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa na tarakilishi yule mtu aliyefanya matayarisho ya kuifanya izaliwe. Fomula haina mwenyewe. Pembe uliyoichagua, rangi ulizozipanga na kina ulichozamia ni vyako.

> Fomula haina mwenyewe. Pembe uliyoichagua, rangi ulizozipanga na kina ulichozamia ni vyako.

Pikseli milioni 837

Tuchukue mfano wa mtu anayeishi Kangemi, kando ya Waiyaki Way, mwenye kipakatalishi cha kawaida. Ameahidi kupamba ukuta wa mapokezi ya afisi moja Westlands kwa fraktali ya mita tatu kwa mita mbili.

Kosa la kwanza, na ndilo linalofanywa na wengi, ni kuichukua picha iliyo kwenye skrini. Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani takriban milioni mbili. Ukizivuta pikseli 1,920 zifike mita tatu, kila moja inakuwa na upana wa zaidi kidogo ya milimita moja na nusu. Ni kama kuupanga ukuta kwa punje za wimbi. Kwa mbali utaona picha. Ukikaribia utaona wimbi.

Kosa la pili ni baya zaidi: kutuma kazi kwa WhatsApp kama picha. Programu hiyo huibana picha ili ipite haraka, na maelezo madogo madogo, ambayo ndiyo fraktali yenyewe, ndiyo ya kwanza kutupwa. Wachapishaji wa katikati ya jiji wamezoea kilio hiki. Wakikwambia utume "kama dokumenti", au ulete kwa flashi, fuata ushauri.

Sasa hesabu ya haki. Kwa kawaida kazi ya kutazamwa kwa karibu huchapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi. Mita tatu ni inchi 118, mita mbili ni inchi 79 kasoro kidogo. Zidisha, na utapata picha ya pikseli 35,433 kwa 23,622. Jumla ni pikseli milioni 837, sawa na skrini 400 za kipakatalishi chake zikipangwa ukutani.

Kila pikseli inaulizwa swali lake la kutoroka. Tuseme kwa wastani inachukua hatua 1,000 kujibu. Hizo ni hatua bilioni 837. Na kwa kuwa pembezoni mwa fraktali pamejaa nywele nyembamba kuliko pikseli, msanii makini haulizi doa moja kwa kila pikseli. Huuliza madoa tisa yaliyo ndani yake na kuchukua wastani wa rangi. Asipofanya hivyo, picha hutoka na chengachenga kama mchanga wa Lamu uliomwagwa juu ya chapa. Hatua sasa ni zaidi ya trilioni saba na nusu. Kiini kimoja cha prosesa kinachomudu hatua milioni 200 kwa sekunde kitafanya kazi kwa takriban saa kumi na nusu, bila kupumzika.

Si muda wa kutisha. Ni usiku mmoja. Ila usiku huo uwe na stima.

Stima ikipotea saa nane usiku

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, giza lilifunika karibu Kenya nzima. Aliyekuwa ameacha tarakilishi yake ikipika picha kwa saa sita bila kuhifadhi chochote, alirudi kwenye sifuri. Na giza la nchi nzima halihitajiki kumtia mtu hasara. Stima ya mtaa mmoja ikikatika dakika tano inatosha.

Dawa yake ni ya kale katika fani hii: kuikata picha vigae. Ukiigawa kwa vigae vya pikseli 1,000 kwa 1,000, picha ya mita tatu inakuwa vigae 36 kwa 24, yaani 864. Kila kimoja kikiiva kinahifadhiwa, na stima ikirejea kazi inaendelea kutoka kigae ilipokomea. Vigae pia vinaweza kugawanywa kati ya tarakilishi kadhaa, kwa sababu hakuna doa linalohitaji kujua jirani yake amejibu nini. Marafiki wanne wenye vipakatalishi, wakitumia viini vyote vya prosesa zao, wanaweza kuimaliza kazi ya usiku kabla ya mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza kwisha. Kadi ya picha, ile wanayoigombania vijana wa michezo ya video, huenda kasi zaidi kuliko wote hao.

Halafu kuna swali la kina. Tarakilishi huhifadhi namba kwa kawaida kwa tarakimu 15 au 16. Kwenye picha ya mita tatu, tarakimu nne au tano kati ya hizo huliwa na kazi ya kutofautisha pikseli moja na jirani yake. Zinazobaki ndizo za kuzamia. Ukizamia kupita hapo, picha inaanza kugeuka miraba mikubwa, kwa kuwa mashine haiwezi tena kutofautisha mahali na mahali.

Kwa miaka mingi suluhisho lilikuwa kutumia namba ndefu, na namba ndefu huburura miguu. Mwaka 2013 mwanaprogramu K. I. Martin alionyesha njia ya mkato: piga hesabu ndefu kwa doa moja tu, kisha madoa mengine yote uyapime kama tofauti ndogo kutoka kwa lile. Mpimaji wa ploti anaielewa mbinu hii bila darasa. Huweki bikoni moja kwa uangalifu kisha ukarudi kupima upya kutoka baharini kwa kila kona. Unaanzia kwenye bikoni hiyo. Programu za bure kama Kalles Fraktaler zimejengwa juu ya wazo hilo, na picha zilizochukua majuma sasa huchukua dakika.

Vizingiti vingine havina uhusiano na hesabu, na ndivyo vinavyokera zaidi kwa sababu hujitokeza dakika ya mwisho. Faili ya Photoshop ya aina ya kawaida haikubali upande unaozidi pikseli 30,000, na picha yetu ina 35,433. Faili ya JPEG inakomea pikseli 65,535. Ikigeuzwa kuwa ya rangi nne za kuchapia, bila kubanwa, picha ya mita tatu ina uzito wa zaidi ya gigabaiti tatu. Ongeza ukubwa kidogo, uvuke gigabaiti nne, na flashi nyingi zitaikataa hata kama zina nafasi ya gigabaiti 64, kwa sababu mpangilio wake wa zamani hauruhusu faili moja kuvuka hapo. Mtu amesafiri kwa matatu kutoka Kangemi hadi mjini, na flashi aliyoibeba ni tupu.

Mchapishaji ana hoja

Hapa pande mbili zinagongana. Msanii anasema nukta 300 kwa inchi, si chini. Mchapishaji anatazama faili ya gigabaiti tatu ikiigandisha tarakilishi yake huku wateja wa krusedi wamepanga foleni, na anasema nukta 100 zinatosha, pengine hata 72.

Si uvivu. Jicho zima la binadamu hushindwa kutenganisha nukta mbili zikiwa karibu kuliko kipimo fulani, na kipimo hicho hukua na umbali. Kwa umbali wa sentimita 30, jicho linaishia kwenye nukta yenye upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo ndipo zile nukta 300 zinapotoka. Ukisimama mita tatu kutoka ukutani, nukta 30 kwa inchi zinatosha. Ukiwa mita 30, zinatosha tatu tu.

Ndiyo maana mabango makubwa ya Waiyaki Way, ukiyakaribia, yana nukta za kuonekana kwa macho. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilimwinua dereva hadi usawa wa mabango, lakini haikumsimamisha. Anapita kasi, akiwa mbali. Kumchapishia nukta 300 ni kumwaga wino barabarani.

> Ukisimama mita tatu kutoka ukutani, nukta 30 kwa inchi zinatosha. Ukiwa mita 30, zinatosha tatu tu.

Ila hoja ya mchapishaji ina tundu moja, nalo ni tabia ya mtazamaji. Hakuna anayekwenda kuchungulia vinyweleo vya mwanasiasa kwenye bango. Fraktali humvuta mtu. Anaanza mlangoni, anaona umbo zima. Anasogea, anaona mikia. Anasogea tena, na mwisho pua yake iko sentimita 20 kutoka ukutani akitafuta kidudu ndani ya kidudu. Akikuta wimbi, picha imekufa. Ukuta wa mapokezi ya afisi, ambako mgeni anasubiri robo saa hana la kufanya, ndio mahali hasa pa kuchunguliwa.

Jawabu lenye busara liko katikati, ingawa si katikati kabisa. Nukta 150 kwa inchi hupunguza pikseli hadi robo, faili inapita kwenye mashine bila kuigandisha, na mtazamaji wa kawaida halalamiki. Nukta 100 ni za picha inayotundikwa juu ya ngazi ambako hakuna anayefika. Nukta 300 zibaki kwa kazi ya kuuzwa kama sanaa, juu ya kanvasi au karatasi nzito, kwa mashine ya wino laini. Kwa fleksi ya bango, nukta 300 ni majivuno tu. Nyuzi za kitambaa chenyewe zitazimeza.

Kuna na upande wa tatu, mgeni, unaodai kumaliza ubishi wote: programu za akili unde zinazokuza picha ndogo. Kwa picha ya harusi ya babu iliyobaki moja, ni msaada mkubwa. Kwa fraktali ni upuuzi. Programu hiyo hubuni maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli, ilhali maelezo ya kweli yapo, yanangoja kuulizwa. Ni kama kumuajiri mtu akisie salio lako la M-Pesa wakati simu iko mfukoni.

Samawati iliyofia njiani

Saizi ikishapatikana, rangi ndizo zinazoliza watu.

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, na mashine hutengeneza kwa wino wa sayani, majenta, manjano na nyeusi. Mwanga una rangi ambazo wino haufiki. Samawati kali inayong'aa, ile ambayo wapenzi wa fraktali huipenda kupita kiasi, ndiyo ya kwanza kufia njiani: hutoka ikiwa zambarau iliyochoka. Kijani cha neoni hutoka kama sukuma wiki ya jana. Mchapishaji hulaumiwa, naye hana hatia. Dawa ni kuigeuza picha kuwa ya rangi za wino mapema, ukiwa kwako, uone hasara na kuchagua rangi nyingine kabla hujalipa.

Balaa la pili halionekani kabisa kwenye skrini ndogo. Faili ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Anga inayofifia polepole kutoka nyeusi hadi bluu kwenye picha ya mita tatu italazimika kuzigawana ngazi hizo, na kila ngazi itakuwa mstari wenye upana wa karibu milimita 12. Anga laini inageuka kuwa mistari ya pundamilia aliyefifia. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hunyunyiza chembe ndogo za kubahatisha kwenye rangi, kidogo sana, ili mipaka ya mistari ivunjike na jicho lisiishike.

Mistari mingine si ya faili. Nozeli ya wino ikiziba, kichwa kinapopita huacha mwanya mwembamba, na mwanya huo hurudi kila ukanda kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye uso wa mhubiri wenye rangi nyingi zilizochanganyika, huenda usiuone. Kwenye anga nyeusi ya fraktali unaonekana kutoka mlangoni. Fraktali ni mtihani mkali kwa mashine, na si kila duka linapenda kuufanya. Stima nayo ikipotea mashine ikiwa katikati, kipande hicho mara nyingi ni cha kutupa. Kuunganisha ukanda ulipokatikia bila alama ni bahati nasibu.

Upana nao una mpaka. Mashine nyingi kubwa za mabango huchapisha hadi mita 3.2 kwa mkupuo, hivyo picha ya mita tatu inapita bila kuungwa. Picha ambayo pande zake zote mbili zinauvuka mpaka huo itahitaji vipande na mshono, na mshono kwenye picha iliyojaa nywele za hesabu haufichiki.

Twende kilioni

Mtu anaweza kuuliza: na haya yote ni ya nini kwetu? Jibu moja lilitolewa na Mmarekani Ron Eglash katika kitabu chake African Fractals cha mwaka 1999. Aliangalia picha zilizopigwa kutoka angani na kuona kwamba makazi ya Waila wa kusini mwa Zambia yalikuwa duara la maduara, na kila duara ni boma lenye umbo lile lile. Aliona kasri la Logone-Birni nchini Cameroon likijengwa mstatili ndani ya mstatili. Aliona misalaba ya Ethiopia inayochipua misalaba.

Aliangalia pia nywele. Mistari inayosukwa kichwani ina pingili zinazobadilika ukubwa kwa kipimo kile kile kutoka moja hadi nyingine, na yeye na wenzake wakatengeneza programu ya kuwafundisha wanafunzi hesabu kwa kuichora misuko hiyo. Anayetaka kuiona hesabu hiyo Nairobi hahitaji jumba la makumbusho. Aende Kenyatta Market, kusini magharibi mwa mji, akae kibandani dakika kumi mteja akisukwa. Msusi wa mtindo wa twende kilioni hapimi kwa rula, ila kila pingili inajua ukubwa wa iliyotangulia.

Hoja hii ina wapinzani, na wana haki ya kusikilizwa. Umbo kufanana na hesabu si sawa na kujua hesabu, wanasema. Utando wa buibui nao ni wa kupendeza. Eglash mwenyewe alionya kwamba si kila nakshi ya Kiafrika ni fraktali, na alijitahidi kuwauliza wajenzi na wasusi walichokusudia badala ya kukisia kutoka angani. Hoja yake inayosisimua zaidi ni kuhusu ramli. Jina hilo linatokana na neno la Kiarabu la mchanga, na upigaji wake, wa kuhesabu alama moja na mbili na kulirudisha jibu mwanzoni kama swali jipya, ni mzunguko ule ule unaoiendesha fraktali. Yeye anadai utaratibu huo wa moja na mbili ulipita Uhispania ya Waislamu hadi Ulaya na kumfikia Leibniz, baba wa hesabu za mfumo wa jozi unaoendesha tarakilishi zote. Mnyororo huo ni mrefu, na kuna pingili zake ambazo msomaji makini atataka kuzivuta kwanza aone kama zinashika.

Hata hivyo, inaleta maana kwa msanii wa Nairobi kuanza na msuko au boma kuliko kuinakili tena seti ile ile ya Mandelbrot ambayo dunia imeichapisha tangu 1985. Idara ya Hesabu ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo, na Circle Art Gallery iko Lavington. Kwa gari, kati ya hesabu na soko la sanaa ni dakika chache, msongamano ukiruhusu.

Kwa anayetaka kujaribu, kuna jambo moja la kufanya kabla ya kulipia mita sita za mraba. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 kutoka mahali penye nywele nyingi zaidi kwenye picha yako, na kingine cha ukubwa huo kutoka mahali penye giza linalofifia. Viweke kwenye flashi vikiwa katika ukubwa wake halisi, uombe vichapishwe kwa mashine na kitambaa kile kile kitakachotumika. Vitoe nje, kwenye mwanga wa mchana wa River Road, uvitazame ukiwa umesimama, kisha pua ikiwa karibu. Ukiona wimbi, rudi nyumbani ukapike upya. Ukiona mwanya wa nozeli, mwombe fundi asafishe kichwa kabla hajaweka roli.

Na kwa kuwa picha ni yako, uulize faili itafutwa lini kwenye tarakilishi ya duka.